Nyasi za mbele ya nyumba zimechoka baada ya theluji: nianzie wapi?

BabaMapacha (Brooklyn Park, Minnesota), 9 Aprili

Hamjambo ndugu zangu.

Tuliingia katika nyumba yetu mwezi wa 10 mwaka jana, wakati uwanja wa mbele ulikuwa umefunikwa na majani ya miti, na kabla sijapata siku ya kuuchunguza theluji ikaanguka. Sasa imeyeyuka, na kilichojitokeza chini yake kimenivunja moyo. Karibu na mlango kuna mabaka ya mviringo, makubwa kama sinia, ambayo nyasi zake zimelala, zimegandamana na kuwa za kijivu kana kwamba mtu amezimwagia uji. Kando ya njia ya gari kuna ukanda wa mita 9 kwa nusu mita hivi ambao hauna uhai wowote. Nyuma, pale ambapo mwenye nyumba wa zamani alikuwa akimfunga mbwa wake, kuna madoa ya manjano yasiyopungua kumi, na kutoka mlango wa jikoni hadi bandani kuna njia ambayo udongo wake umeshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Sehemu iliyobaki ina rangi ya makuti makavu. Uwanja wote, mbele na nyuma, ni mita za mraba 230 hivi.

Mimi nimekulia Nakuru, ambako nyasi za kikuyu hazihitaji kubembelezwa. Mvua za Aprili zikinyesha, kipande kilichokauka kama ngozi iliyoanikwa hugeuka kijani baada ya muda mfupi, na ukitaka kuziba pengo unang'oa vipande pembeni mwa ua, unavichomeka ardhini kwa kidole, unaondoka. Hapa sijui hata nyasi nilizo nazo zinaitwaje. Jirani wa kulia ananihimiza ninunue leo leo mfuko wa mbolea iliyochanganywa na dawa ya kuzuia magugu, kisha nimwage mbegu na chokaa. Jirani wa kushoto anasema ning'oe kila kitu nitandike nyasi za kukunjua kama mkeka, na nilipoulizia bei ya mikeka hiyo nilirudi nyumbani kimyakimya.

Naomba ushauri wa mtu aliyepitia haya: nianze na lipi, na lipi halina haraka?

FundiBustani (St. Paul), 9 Aprili

Baba Mapacha, pole, lakini usikae matanga ya mgonjwa anayepumua. Nimefanya kazi ya bustani za watu katika miji hii miwili, Minneapolis na St. Paul, kwa misimu 11, na kila Aprili napigiwa simu na watu wanaodhani nyasi zao zimekufa, kumbe nyingi zimelala tu. Nyasi za huku, hasa ile iitwayo Poa pratensis ambayo ndiyo utaikuta katika nyumba nyingi za Minnesota, hupumzika wakati wa baridi, na rangi ya makuti unayoiona ni ya majani ya mwaka jana. Uhai umejificha chini, mahali ambapo majani hukutana na mizizi. Shika kishungi kimoja ukivute taratibu. Kikigoma, na ukipasua sehemu ya chini ukaona weupe au ukijani, kiache. Kikitoka bila ubishi kama unywele kwenye kitana, hicho kimekufa.

Yale mabaka ya mviringo ni ukungu wa theluji. Theluji ikikaa muda mrefu juu ya nyasi ambazo hazikukatwa vizuri, tena zikiwa zimefunikwa na majani ya miti kama zako, kuvu hustawi katika ule unyevu wa baridi. Piga magoti uangalie kwa karibu: ukiona vipunje vidogo vya rangi ya kahawia, vidogo kama mbegu za ulezi, vimeng'ang'ania majani, basi ni ukungu wa kijivu, na huo kwa kawaida huharibu majani na kuacha mzizi salama. Hauhitaji dawa. Chukua reki nyepesi ya kukusanyia majani, siyo ile ya chuma ya shambani, uzinyanyue zile nyasi zilizogandamana ili hewa na jua vipite. Kazi ni hiyo tu. Rangi ya kijani utaanza kuiona katikati ya baka baada ya wiki chache.

Hata hivyo usiingie leo. Udongo wa Brooklyn Park una mchanga mwingi katika sehemu kadhaa, ila nyumba nyingi zilimwagiwa udongo mwingine wakati wa ujenzi, kwa hiyo usiamini ramani, amini mkono wako. Chukua ngumi moja ya udongo uubinye. Ukibaki donge linalong'aa maji, kila hatua utakayopiga itaukandamiza, na utajitengenezea njia nyingine ngumu kama ile ya bandani. Ukivunjika ukiugusa kwa kidole, ingia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo majirani zako wamelichanganya. Katika majira ya kuchipua mtu ana njia mbili kwa kila kipande cha ardhi: ama kupanda mbegu, ama kuweka dawa ya kuzuia magugu yasiote. Dawa nyingi za aina hiyo, kama pendimethalin, prodiamine na dithiopyr, haziulizi mbegu ni ya nani; zinazuia mche mchanga wowote, wa gugu na wa nyasi uliyoinunua kwa fedha zako, na nguvu yake hudumu miezi kadhaa. Zipo chache zinazoweza kuwekwa pamoja na mbegu, kwa mfano siduron, lakini hizo lazima jina lake ulione limeandikwa kwenye mfuko na usome masharti yake. Mfuko ulioandikwa tu kwamba unalisha nyasi na kuzuia magugu, chukulia kwamba utaua mbegu zako.

Gugu lenyewe linalokusudiwa ni lile ambalo wenyeji huliita crabgrass, ambalo huota upya kila mwaka udongo wa juu unapofikia nyuzi joto 13 hivi kwa siku kadhaa mfululizo, na hufa baridi kali ya kwanza inapopiga. Ili ujue kama lilikuwapo mwaka jana, tafuta mizoga yake: mashina makavu ya kijivu yaliyotambaa kutoka kitovu kimoja kama vidole vilivyotanuliwa, hasa kando ya saruji ambako joto ni kali. Usipoiona, huna sababu ya kununua dawa hiyo mwaka huu.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu: reki kwanza, kipimo cha udongo pili, mbegu katika sehemu zilizokufa peke yake kuanzia mwisho wa Aprili. Mambo makubwa, kama kutoboa udongo kwa mashine na kupanda mbegu uwanja mzima, yaahirishe hadi kati ya tarehe 15 Agosti na 15 Septemba. Wakati huo udongo bado una joto, hewa imepoa, na magugu ya kiangazi yanaelekea kufa. Mche unaoota mwezi wa 5 huingia kwenye joto la Julai ukiwa na mizizi mifupi, na usipokuwapo kuunywesha utaupoteza.

MamaZuhura (Rochester), 10 Aprili

Kaka, msikilize Fundi, kwa sababu mimi nililipia somo hilo. Mwaka wangu wa pili hapa nilinunua mfuko wa mchanganyiko kama huo anaokutajia jirani yako, nikaumwaga Jumamosi, na Jumapili nikapanda mbegu nikijiona hodari. Nilinyunyiza maji asubuhi na jioni kwa wiki tano. Hakuna kilichoota isipokuwa mstari mmoja mwembamba wa kijani kando ya ukuta wa gereji, mnyoofu kama uliopigwa kwa rula. Nilikaa nikiutazama mstari ule siku nyingi kabla sijaelewa: ndipo mahali ambapo gurudumu la kile kitoroli cha kumwagia mbolea halikuweza kufika.

Kuhusu ukanda wako wa kando ya njia ya gari, nina hakika ni chumvi. Ulipokuwa ukisukuma theluji kutoka kwenye saruji ulikuwa ukiirundika palepale pamoja na chumvi uliyoinyunyiza ili usiteleze, na ilipoyeyuka chumvi yote ilizama hapo. Kabla ya kupanda chochote, ioshe. Mimi huacha mpira wa maji ukimwaga polepole hadi ardhi ipokee sentimita 2 au 3, nangoja siku mbili, narudia mara mbili tatu. Maji hushuka na chumvi chini ya mizizi. Bila hivyo mbegu itaota, itageuka njano kwenye ncha, itakufa, nawe utailaumu mbegu. Baridi ijayo nyunyiza chumvi kidogo au tumia mchanga, na theluji yake irundike mahali pengine.

Madoa ya mbwa ni ndugu wa jambo hilohilo. Mkojo una naitrojeni nyingi na chumvi, ndiyo maana katikati panaungua na pembeni panakuwa na duara la kijani kilichokolea kuliko kwingine. Kwangua zile nyasi zilizokufa, mwagia maji mengi, kisha panda.

Na utakapoona maua ya njano yakichomoza mwezi wa 5, usitaharuki. Sisi tuliokulia pwani tukiyaona majani ya dandelion tunakumbuka mchunga, na kwa hakika huliwa vilevile, machungu yake ni yaleyale. Mimi huyang'oa kwa kisu kirefu baada ya mvua, mzizi ukiwa umelegea. Usichume mboga mahali palipopigwa dawa, wala palipofungwa mbwa.

BabaMapacha, 24 Aprili

Nimerudi na majibu, na samahani kwa kukawia.

Nilipiga magoti kama nilivyoelekezwa, nikaviona vipunje vya kahawia. Mabaka yote ya mbele nimeyapitisha reki, na mawili yameanza kutoa nyuzi za kijani. Mizoga ya crabgrass sikuiona ila mitatu minne kando ya njia ya waendao kwa miguu. Ukanda wa chumvi nimeuosha mara tatu. Kwenye njia ya bandani nilijaribu kuchomeka bisibisi: kwingine inazama hadi kwenye mpini kwa kusukumwa na kiganja, pale inakwama baada ya sentimita 3.

Niliupeleka udongo kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Minnesota, nikiwa nimeuchota sehemu kumi mbalimbali na kuuchanganya ndani ya ndoo moja. Majibu yanasema pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ni 7.4, na fosforasi ni nyingi. Wameshauri mbolea ambayo namba yake ya katikati ni sifuri. Je, chokaa ya jirani bado inahitajika? Na mbolea nipime vipi, maana dukani nimeona mfuko umeandikwa 24-0-6 na maelezo yake yote ni kwa futi na ratili?

Swali la mwisho: kwa nini nisichukue vipande vya nyasi vilivyo hai nyuma ya nyumba nikavipandikiza kama tulivyofanya Nakuru?

FundiBustani, 24 Aprili

Chokaa achana nayo kabisa. Chokaa hupandisha pH, na nyasi hizi hupendelea kati ya 6 na 7. Wewe tayari umevuka kidogo. Jirani yako hakuwa na nia mbaya, ila anakutibu ugonjwa ambao huna.

Namba tatu za mfuko ni asilimia, kwa uzito, za naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa utaratibu wa kupima mbolea. Kuhusu ile sifuri, tangu mwaka 2005 sheria ya Minnesota inakataza katika jimbo zima kuweka mbolea yenye fosforasi kwenye nyasi za nyumbani, isipokuwa kipimo cha udongo kionyeshe upungufu au uwe unaanzisha nyasi mpya. Sababu ni maziwa yetu: fosforasi inayosombwa na mvua hulisha mwani, na maji hugeuka kama supu ya kisamvu.

Hesabu ni nyepesi. Kipimo kamili cha wakati mmoja ni gramu 5 hivi za naitrojeni kwa kila mita ya mraba, lakini katika majira ya kuchipua mimi hutoa nusu yake. Gramu 2.5 mara mita 230 ni gramu 575. Mfuko wako una naitrojeni asilimia 24, kwa hiyo gawanya 575 kwa 0.24, utapata gramu 2,400 hivi, yaani kilo mbili na nusu kasoro kidogo kwa uwanja mzima. Gawa mara mbili: nusu ipite ukitembea kwa urefu, nusu kwa upana, ili usije ukaona mistari kama ya pundamilia baada ya wiki mbili. Wala usiiweke sasa. Ngoja mwisho wa Mei. Nyasi zinapoamka hukua zenyewe kwa akiba iliyo mizizini, na ukizisukuma na mbolea mapema zitatoa majani mengi na kuiacha mizizi ikiwa mifupi, halafu wewe ndiye utakayekata kila siku ya tatu. Baki ya chakula cha mwaka uiweke Septemba.

Kuhusu kupandikiza, inawezekana, na sababu yake inafaa uijue. Poa pratensis hutambaa chini ya ardhi kwa mashina yake, kwa hiyo hujiziba yenyewe, ingawa kwa mwendo wa kobe ukilinganisha na kikuyu yako. Lakini Lolium perenne, ambayo huchanganywa humo mara nyingi kwa kuwa huota upesi, hukaa kishungi na haitambai kwenda popote. Ukihamisha kishungi chake utapata kishungi hichohicho mahali pengine. Na kikuyu yenyewe, kabla hujafikiria kuagiza, haiwezi kuvuka hata Januari moja ya hapa.

Kwa sehemu zako zilizokufa nakadiria mita 15 za mraba. Gramu 20 za mchanganyiko wa mbegu za Poa na Lolium kwa mita moja ya mraba, jumla gramu 300. Usinunue gunia. Pale bandani lazima uvunje udongo kwanza. Kwa eneo dogo hivyo usikodi mashine, tumia uma wa bustani, uuzamishe sentimita 10, uutikise, usogee shibri moja, urudie, kisha changanya mboji kidogo juu. Kila mahali kwangua udongo kwa reki, mwaga mbegu, ipitishe reki tena kwa mgongo ili ifunikwe nusu sentimita tu, halafu ikanyage kwa miguu ili ishikamane na udongo. Maji yawe machache mara mbili au tatu kwa siku, kiasi cha kulowesha juu bila kutengeneza vidimbwi. Lolium utaiona ndani ya siku 5 hadi 10. Poa huchukua siku 14 hadi 30, na hapa ndipo wengi hukata tamaa: wanaona kijani cha kwanza, wanapunguza maji, na ile nyingine inafia ndani ya ganda.

Mwalimu_Duluth, 26 Aprili

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, na ningependa kutofautiana kidogo na Fundi, kwa heshima. Si lazima kila mita iwe nyasi tupu. Kwangu, chini ya miti mikubwa ambapo jua halifiki saa nne kwa siku, nilipanda Poa mara tatu na mara tatu nikashindwa. Nikageukia zile Festuca zenye majani membamba kama sindano, ambazo huvumilia kivuli na udongo maskini, nikachanganya na klova nyeupe fupi. Klova hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, hubaki kijani katika ukame mfupi, na maua yake hulisha nyuki. Jimbo lina hata mpango uitwao Lawns to Legumes, unaosaidia wakazi kugharimia upandaji wa mimea ya kuwafaa wadudu wachavushaji. Kabla hujafanya hivyo, soma kanuni za mji wako kuhusu urefu wa nyasi, na kama nyumba yako iko chini ya chama cha wakazi, soma na za chama.

FundiBustani, 26 Aprili

Mwalimu, hatutofautiani sana. Kwenye kivuli ninakuunga mkono moja kwa moja. Angalizo langu ni moja: ukishapanda klova, zile dawa zote za kuua magugu ya majani mapana umeziaga, kwa sababu kwa dawa hizo klova nayo ni gugu. Na kwa watoto wanaocheza pekupeku, nyuki wa kwenye klova si hadithi.

BabaMapacha, 23 Mei

Taarifa fupi. Mbegu nilizipanda tarehe 3. Siku ya nane nyuzi za kwanza zilitokea kwenye ukanda wa chumvi, nyembamba hivi kwamba huzioni ukisimama, sharti uiname uzitazame dhidi ya jua la asubuhi. Nilikumbuka onyo, sikupunguza maji, na juzi kundi la pili limeanza kuchomoza katikati ya lile la kwanza. Mabaka ya ukungu sasa huyatambui. Njia ya bandani ndiyo inayosuasua, nusu imeota na nusu bado, nadhani kwa sababu mapacha hawajakubali kuiacha, ingawa nimeweka kamba na vijiti.

Kona ya kaskazini chini ya mti wa maple nitamfuata Mwalimu. Mkeo alivyosikia habari za nyuki ameuliza maswali mengi, kwa hiyo klova itasubiri tuelewane.

Je, hizi changa nizikate lini, na kwa urefu gani?

MamaZuhura, 23 Mei

Nimecheka hapo kwenye "mkeo". Nadhani ulikusudia mkewe Baba Mapacha, msalimie.

Zikate mara ya kwanza zikifika sentimita 10 au 11, udongo ukiwa mkavu, na mashine uiweke kwenye sentimita 7.5 au 8. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, mwaka mzima. Kisu cha mashine kinolewe kwanza: kisu butu huzichana ncha zikabaki na nyuzi nyeupe, na miche michanga hung'oka mzima mzima. Yale majani yaliyokatwa yaache palepale, ni mbolea. Zikishakatwa mara mbili tatu, punguza idadi ya kumwagilia na uongeze kina, sentimita 2.5 kwa wiki ukijumlisha na mvua. Weka kopo tupu la samaki katikati ya uwanja. Likipata kiasi hicho, funga bomba.